Kamera ya sura ya kizamani, fulu fremu, na lenzi fupi: soma hii kabla hujatuma hela

Maswali ni yaleyale. Kaka ile kamera yenye vizungushio juu kama ya babu inaitwaje. Nikon Zf na Nikon Z fc si kitu kimoja? Nichukue lenzi gani ndogo. Na lile la mwisho ambalo huwa linakuja hela imeshaenda, mbona nazungusha kidude cha shata (muda wa mwanga kuingia) na hakifanyi kitu. Nimejibu mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja na ukiniuliza tena nakutupia hii.

Mi natumia Nikon Zf na lenzi ya milimita 40, hapa Dar, mwaka wa pili huu, kwaiyo mifano mingi itatoka huko ila hatua zenyewe zinafaa hata ukiishia kwenye kamera nyingine. Na msimamo wangu nautoa mapema: chagua lenzi kwanza, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) baadaye. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaipenda sura ya bodi wanainunua, halafu wanaifunga lenzi kubwa kama chupa ya chai, mwezi wa pili kamera iko kabatini na picha zote wanapiga kwa simu.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Bajeti ya vitu vyote, sio ya bodi tu. Zf ilivyotangazwa Septemba 2023 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 2,000, lenzi ya 40 ikawa kama dola 300. Juu ya hapo weka betri ya pili, kadi, mkanda, usafiri na forodha. Ukipanga hela ya bodi peke yake utaishia na bodi peke yake, na bodi haipigi picha.
- Simu yako hiyohiyo uliyonayo.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali, kama unaenda kununua mtumba.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana na vipakti vya silika jeli. Kama unakaa pwani hili sio la hiari.
- Kilo moja ya sukari. Sitanii, subiri hatua ya 4.

Hatua ya 1: Jua jina la kitu unachokitaka

Fulu fremu maana yake sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ya milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa kipande cha filamu ya kawaida ya zamani. Basi, nadharia imeisha.

Sasa tatizo ni kwamba kamera nyingi zenye sura ya kizamani SIO fulu fremu. Fujifilm za X, kama X-T5 na X100VI, zina sensa ndogo ya APS-C. OM-3 ya OM System sensa yake ni ndogo zaidi ya hiyo. Nikon Z fc ya 2021 nayo ni APS-C, megapikseli 20.9, na hapa ndo watu wanaumia maana kwa picha ya tangazo Z fc na Zf ni kama kurwa na doto. Herufi c moja tu ndo inatenganisha. Nimeshaona mtu anashangilia kapata "Zf" kwa nusu bei, kumbe Z fc. Sio kamera mbaya, ni nyepesi na picha zake nzuri tu, ila kama umelipia fulu fremu uletewe fulu fremu.

Zenye fulu fremu kweli, za kizamani au ndogo tu, ni chache, hizi ndo za kuanzia:

Nikon Zf, megapikseli 24.5, vizungushio vya shaba vya shata, ISO (kamera inaukuza mwanga kiasi gani) na fidia ya mwanga (kuing'arisha au kuitia giza picha), sura imechukuliwa kwenye FM2 ya mwaka 1982. Hii ndo ya kizamani kweli, vidude vyake sio pambo, unavitumia.

Sony A7C II, ya 2023 pia, megapikseli 33, gramu 514 tu. Ndogo sana, autofokasi ya hatari, ila sura ya kizamani hamna pale, ni kiboksi. Kama shida yako ni udogo na sio urembo hii inaishinda Zf, nasema ukweli japo roho inauma.

Panasonic S9 ya 2024, gramu 486, inavutia mno machoni. Lakini haina sehemu ya kuchungulia na jicho, na haina shata ya kimakanika, inatumia ya kielektroniki tu, flashi hufungi. Ukiipeleka kwenye ukumbi wa harusi wenye taa za LED za rangirangi utarudi na picha zina mistarimistari. Kwa video sawa, kwa picha za ukumbini hapana.

Leica M11, ya 2022. Ile ni bei ya kununua IST ya mtumba ukabaki na hela ya mafuta, na fokasi unazungusha mwenyewe kwa mkono. Tusonge.

Hatua ya 2: Tafuta upana wa lenzi kwa kutumia simu

Usimuulize mtu 28 au 40, jiulize mwenyewe kwa wiki moja na simu. Kamera kuu ya simu nyingi upana wake ni kama lenzi ya 24 mpaka 26. Kwaiyo ukipiga bila kuzumu unaona kile ambacho lenzi ya 26 ingekuonyesha. Ukizumu mpaka 1.5 hivi umefika karibu na 40. Ukizumu mara 2 uko kwenye 50.

Wiki nzima piga kwa 1.5 bila kugusa zumu tena. Nyumbani, kwenye daladala, watoto, mama anakaanga vitumbua asubuhi, kila kitu. Ukijikuta kila saa unarudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta, wewe ni mtu wa 26 au 28. Ukijikuta umetulia, chukua 40. Na kama unasogea tu mbele kila picha basi 50.

Wengi nikiwaambia wafanye hivi hawafanyi, wanaangalia video za wazungu wanatembea Tokyo na 28 wanasema na mimi 28, halafu picha zao zote zina mtu mdogo katikati na barabara kubwa.

Hatua ya 3: Chagua lenzi yenyewe

Nazungumzia Nikon hapa maana ndo naijua kwa mkono.

Nikkor Z 40mm f/2 SE, gramu 170. Hii ndo ninayo. Bei rahisi, f/2 (namba ya tundu la mwanga, ikiwa ndogo tundu ni kubwa) inakutosha usiku, inafokasi mpaka sentimita 29. Mkia wake unaofunga kwenye bodi ni wa plastiki, watu wanalalamika, mi mwaka wa pili na haujaniangusha. Ile SE ni sura tu, ndani ni lenzi ileile ya 40 ya kawaida, kwaiyo ukikuta ya kawaida kwa bei nzuri beba.

Nikkor Z 28mm f/2.8 SE, gramu 160, ni ndugu yake mpana.

Nikkor Z 26mm f/2.8, gramu 125, urefu milimita 23.5. Hii ndo chapati yenyewe. Ukiifunga, kamera inaingia kwenye mkoba wa kawaida wa bega. Lakini bei yake ilitoka kama dola 500, na ikifokasi ile mbele yake inatoka na kurudi, sehemu yenye ukimya unaisikia. Ukitaka udogo kupita vyote ndo hii, ukitaka picha ya uso wa mtu yenye nyuma laini sio hii.

Makosa ya hatua hii, yasome mara mbili:

Usinunue lenzi ya Z iliyoandikwa DX (yaani ya sensa ndogo ya APS-C) kwa sababu ni ndogo. Itafunga bila shida, kamera itawaka, picha itatoka, ila kamera itakata katikati ya sensa na kukuachia megapikseli 10 na kitu. Umelipia shamba unalima tuta.

Usidhani SE ina ringi ya apacha (lile tundu la mwanga) yenye namba kama lenzi za zamani. Haina. Ina ringi moja laini ambayo ni ya fokasi, unaweza kwenda kwenye menyu ukaigeuza iwe ya apacha, ila namba hutaziona kwenye lenzi, utaziona kwenye kidirisha kidogo kabisa pale juu ya bodi.

Kama una lenzi za mzee za Nikon F, zinaingia kwa adapta ya FTZ II. Zilizoandikwa AF-S na AF-P zinafokasi zenyewe. Za AF-D zile zinazoendeshwa na skrubu ya bodi HAZIFOKASI zenyewe, adapta haina mota. Na adapta inaongeza karibu sentimita 3 mbele, kwaiyo lenzi fupi ya zamani ikishavaa adapta sio fupi tena.

Hatua ya 4: Jaribio la sukari

Zf na betri na kadi ni gramu 710. Weka 40 juu yake, 880. Weka mkanda na kifuniko, uko kwenye kilo hivi. Sasa chukua ile kilo ya sukari, itie kwenye kimfuko cha kitambaa, ining'inize shingoni au begani, na utoke nayo. Mi nilitembea toka Kariakoo mpaka Posta saa saba mchana, mtu mmoja akaniuliza kama nimewekewa nadhiri. Lakini pale Mnazi Mmoja nilishajua kwamba shingoni siwezi, begani naweza. Ndo maana nilinunua mkanda mrefu wa kukatiza kifuani na ule uliokuja kwenye boksi uko palepale kwenye boksi.

Kama kilo imekushinda, rudi hatua ya 1 uitazame Sony. A7C II na lenzi yake ndogo ya 40 f/2.5 zote pamoja ni kama gramu 690. Na kama bado unaota kuifunga Zf lenzi ya 24-70 f/2.8 S ile ya kwanza, hiyo lenzi peke yake ni gramu 805, jumla kilo moja na nusu, ongeza nusu kilo ya sukari uende tena Posta.

Hatua ya 5: Ishike

Tafuta mtu mwenye nayo, au duka linaloruhusu. Zf mbele iko karibu bapa kama tofali, pa kukunjia vidole ni padogo mno. Kwa lenzi fupi haina neno. Ukiona kidole cha mwisho kinaning'inia hewani na kifundo kinauma, kuna gripu za kufunga chini, SmallRig wanatengeneza ya Zf, tatizo linaisha.

Fungua pia mlango wa chini uone. Betri na kadi zote zinakaa humo humo, tundu moja la SD na moja la microSD. Ndiyo, microSD, ile ya simu. Kuitoa unahitaji kucha. Mi yangu niliiweka siku ya kwanza na sijaitoa, inabaki kama akiba na SD ndo inafanya kazi ya kila siku.

Hatua ya 6: Kununua

Mpya hakuna maneno mengi, hakikisha warranti inakubalika mahali ulipo, na uliza kama chaja imo au unachajia kwa waya wa USB-C.

Mtumba fanya hivi, kwa mpangilio huu:

a) Washa, ingia menyu, tafuta Kiingereza. Kamera nyingi za Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani menyu yake ni Kijapani tu na hubadilishi. Bei inakuwa tamu kumbe sababu ni hiyo.

b) Zungusha kila kizungushio mwanzo mpaka mwisho. Cha ISO na cha shata vina kitufe cha kufuli katikati, lazima kibonye na kirudi.

c) Toa lenzi, washa tochi, ipitishe mwanga kutokea nyuma ukiangalia mbele kwa pembeni. Unatafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Huo ni ukungu, fangasi, na mwambao huu wetu ndo nyumbani kwake. Mi nishawahi kuuziwa lenzi ya zamani mjini hapa, nikaiangalia juani ikang'aa, nikalipa. Usiku naipiga tochi nakuta kajani kazima kamechorwa ndani ya kioo cha nyuma, kazuri hata, kama mchoro wa hina. Nilivyorudi jamaa akasema ilikuwa safi ilipotoka kwake. Siku hizi tochi iko kwenye funguo zangu.

d) Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uizumu. Vidoti vyeusi ni vumbi kwenye sensa, vinasafishika. Mkwaruzo hausafishiki.

Usitume hela kwa mtu ambaye hataki kukupigia video kamera ikiwa inawaka.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza nayo

Hapa ndo swali la shata linajibiwa. Chini ya kizungushio cha ISO, upande wa kushoto, kuna kiwiko chenye AUTO, P, S, A, M (S unachagua shata, A unachagua apacha, M vyote viwili). Kizungushio cha shata kinafanya kazi kwenye S na M TU. Ukiwa kwenye A au P au AUTO unaweza kukizungusha mpaka Idi, kamera inajichagulia.

Kwa anayeanza weka A, kizungushio cha ISO kiweke kwenye C, ingia menyu washa ISO ya kujipanga yenyewe, ukomo wa juu weka 12800, basi nenda kapige. Ukishazoea apacha ndo uanze kuchezea vingine.

Kizungushio cha shata kina sehemu imeandikwa 1/3 STEP, ukiiweka hapo unabadilisha kwa gurudumu la kidole badala ya namba zilizochongwa. Wengine wanaona ni kuiharibu maana ya kamera. Mi naitumia sana ukumbini.

Hifadhi RAW (faili ghafi lenye data yote ya sensa) na JPEG pamoja, sababu utaiona chini.

Na ufanye hivi kila asubuhi: angalia juu ya kamera kabla ya kuangalia mbele yake. Hiyo nimejifunza Soko la Samaki Feri. Usiku wake nilikuwa kwenye sendofu, taa hafifu, nikapiga ISO 12800 kwa mkono na kufunga. Asubuhi niko chini ya bati pale mnadani, najiona mpiga picha kweli, changu wamepangwa mezani, mzee mmoja anaparua magamba yanaruka. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa, akaitazama kamera akasema, "Marahaba mwanangu, filamu bado mnapata wapi siku hizi?" Nikacheka, akacheka, akaniachia nipige. Kama picha thelathini. Nikatoka nje juani kupiga mashua, kwenye kijidirisha cha kuchungulia naona nyeupe tupu kama nimechungulia ndani ya jokofu. Kutazama juu, 12800. Zile za mzee zote zina chembechembe, magamba na mchanga huwezi kuvitofautisha. Namba ilikuwa imeandikwa palepale juu ya bodi kwa rangi nyeupe asubuhi nzima.

Hatua ya 8: Kuitunza pwani

Boksi, silika jeli, mfuniko ubane. Silika ya kubadilika rangi ni nzuri maana inakwambia ikishiba maji, unaikausha unairudisha. Usiihifadhi kwenye begi la ngozi au kwenye kabati la nguo, huko ndo ukungu unakozaliwa.

Kubadilisha lenzi: zima kamera, uso wa bodi uangalie chini, haraka. Mirolesi, yaani kamera za aina hii, haina kioo cha kuikinga sensa, vumbi likiingia linatua moja kwa moja. Ufukweni kwenye upepo usibadilishe kabisa, na uzuri wa kuwa na lenzi moja fupi ni huo, huna cha kubadilisha.

Ikigoma

*Picha zote nyeusi na nyeupe.* Kiwiko chini ya kizungushio cha shata kimehamia B&W, kwenye begi hiyo hutokea. Kirudishe. Kama ulihifadhi RAW rangi zipo. Kama JPEG peke yake, zoea tu, sema ulikusudia.

*Picha zina chembechembe mchana.* ISO. Angalia juu.

*Lenzi imefunikwa na mvuke mweupe ghafla.* Umetoka kwenye kiyoyozi kuja kwenye joto. Usifute futa, subiri kama dakika kumi na tano. Kesho yake iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje.

*Haichaji kwa waya.* Zima kamera kwanza. Ikiwa imewashwa inakula umeme, haijazi betri. Bado? Badili waya kabla hujalaumu kamera.

*Ukiendelea kupiga mfululizo inakwama.* Mara nyingi ni microSD. Tundu lake ni la kasi ndogo kuliko la SD, ukiwa unaandika kote kote inasubiri ile ya polepole. Weka microSD iwe ya akiba ikijaa SD.

*Lenzi ya zamani ya mkono, picha zinatikisika.* Kamera haijui umefunga lenzi ya milimita ngapi kwaiyo stabilaiza yake inabahatisha. Ingia menyu ya lenzi zisizo na chipu, iandikie urefu. Mi nilikaa miezi mitatu na lenzi ya 105 kamera ikidhani ni lenzi nyingine kabisa.

*Kadi haionekani.* Sukuma mpaka isikike "tik". Microsd ndo msumbufu, tumia ukucha, sio kisu.